Shimo Likijaa Nakivale

Mvua za Septemba zinaposhuka kwenye vilima vya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, familia nyingi za makazi ya wakimbizi ya Nakivale hukumbuka kazi waliyoiahirisha kiangazi kizima. Maji yameingia shimoni na kuuinua mzigo, nzi wamehamia jikoni, na miti iliyolazwa juu ya shimo inabonyea ukiikanyaga. Mama wa nyumba huwa wa kwanza kujua, maana ndiye anayempeleka mtoto usiku kwa taa ya simu. Kesho yake mazungumzo ni yale yale: tuchimbe wapi, kwa pesa gani, na safari hii tujenge choo cha namna gani?

Jibu la kawaida ni kuchimba shimo lingine kama lile la kwanza hatua chache pembeni, kulaza miti, kukandika udongo, kuzungushia shitingi, yaani turubai la plastiki, na kungoja lijae. Jibu hilo halitoki kwenye ujinga. Linatoka kwenye haraka, maana choo kilichojaa hakingoji mtu akusanye pesa. Lakini ukihesabu mara ambazo familia moja imerudia kazi hiyo ndani ya miaka kumi, utaona kwamba choo cha bei nafuu kimekula pesa nyingi kuliko kile kilichoogopwa kwa bei yake.

Nakivale si kambi ya jana. Makazi haya yalianza mwaka 1958 na kutangazwa rasmi mwaka 1960, Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda wakiwa ndio wakazi wake wa mwanzo. Baada yao wakaja wengine, vita kwa vita: Wakongo, ambao leo ndio wengi, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Zaidi ya watu laki moja na nusu wanaishi kwenye eneo la kilomita za mraba kama 185, kuanzia kanda ya Base Camp hadi zile za Juru na Rubondo. Kwa lugha ya choo, maana yake ni kwamba ardhi hii imechimbwa mno. Mtu anapewa kiwanja, anaanza kuchimba, na futi ya nne jembe linazama kwenye udongo laini mweusi: amefika kwenye shimo la mtu aliyehama zamani. Basi kabla ya kuuliza aina ya choo, uliza wazee wa kijiji palikuwa na nini hapo.

Nianze na shimo lenyewe, kwa kuwa ndilo linaloamua yote na ndilo lisilotazamwa. Vitabu vya usafi wa mazingira hukadiria kwamba mtu mmoja huacha shimoni mwake kama lita 60 kwa mwaka, shimo likiwa kavu na watu wakitumia karatasi au majani yanayooza. Mahali watu wanapojisafisha kwa maji na shimo likawa na unyevu, kiasi kinachobaki hushuka hadi kama lita 40, maana unyevu husaidia kuozesha. Wakitupa humo vitambaa, chupa na nepi, hupanda hadi lita 90 shimo likiwa kavu. Chukua familia ya watu 7 yenye shimo la duara la upana wa mita 1 na kina cha mita 3. Nusu mita ya juu haihesabiwi, kwa sababu mzigo ukifika hapo choo kimekwisha. Zinabaki lita 1,960 au zaidi kidogo. Kwa lita 60 kwa kila mtu, shimo litadumu miaka minne na nusu hivi. Likigeuzwa jalala, miaka mitatu. Na jirani aliyeomba kutumia kwa muda akija na watoto wake, mpaka watumiaji wafike 20, halitamaliza miaka miwili.

Hesabu hiyo ina somo ambalo mafundi wengi hawalisemi: upana una faida kubwa kuliko unavyodhaniwa. Shimo la mita 1 likipanuliwa kwa sentimita 20 tu, ujazo wake huongezeka kwa asilimia 44 bila kwenda chini hata futi moja zaidi. Kwa mchimbaji hiyo ni nafuu, maana udongo wa mita ya kwanza hutupwa kwa koleo tu, wakati ule wa mita ya nne unavutwa kwa kamba na ndoo. Ila shimo pana linadai kifuniko kipana na imara, na hapo ndipo watu hurudi nyuma.

Kuna pia zile poda na maji ya dawa zinazosemwa kwamba ukimwaga shimoni mzigo unashuka. Zilipopimwa kwa utaratibu kwenye vyoo vya mashimo Afrika Kusini, hazikuonyesha tofauti ya maana na choo kisichotiwa kitu. Majivu ni bora: hayapunguzi mzigo, lakini hukata harufu na kuwasumbua nzi, na ni ya bure.

Udongo wa Nakivale hauko sawa kila mahali. Vilimani unaweza kukutana na mwamba kabla hujafika kiunoni, na karibu na ziwa maji hukutangulia. Anayetoka Goma, Kongo, hahitaji kuelezwa habari ya mwamba. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda kati ya laki tano na laki nane walipomiminika pale katika siku chache za Julai, walikuta ardhi ya mawe ya volkano isiyochimbika, na katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara. Wala si lazima kurudi nyuma kiasi hicho. Mapema mwaka 2018 kipindupindu kiliwapata wakimbizi waliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri, Kongo, kwenda makazi ya Kyangwali, hukuhuku Uganda.

Penye mwamba au maji ya karibu, shimo huinuliwa: unachimba unapoweza, kisha unajenga ukuta wa matofali ya kuchoma kutoka chini hadi juu ya usawa wa ardhi, unapandisha kifusi kuuzunguka, na choo kinapandwa kwa ngazi mbili tatu. Watu hukionea haya kwa sababu kinamwonyesha anayekwenda. Lakini kanuni inayojulikana kwa watu wa misaada ni kwamba kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Karibu na ziwa, anayeidharau kanuni hiyo anachanganya choo chake na maji yake.

Ziwa Nakivale lina eneo la kilomita za mraba kama 26 na kina kidogo. Linalishwa na Mto Rwizi, uleule unaopita mji wa Mbarara, na maji yake husafishwa na kusukumwa kwenye mabomba ya makazi. Tangu 2006 limo, pamoja na Ziwa Mburo, kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Nimewahi kujiuliza mabaharia hufanyaje, wao wasio na ardhi ya kuchimba. Sheria ya kimataifa ya bahari inaitaka meli isimwage kinyesi kisichotibiwa mpaka iwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, sawa na kilomita 22. Katika Ziwa Nakivale hakuna mahali palipo mbali hivyo na ufuko. Mwenye choo hapa yuko kama mtu wa mashua iliyotia nanga: anachokitoa kitabaki naye, na shimo ndilo tangi lake.

Udongo unaobomoka ni adui mwingine. Shimo la miti na matope mara nyingi halifi kwa kujaa, hufa kwa kuanguka mdomo. Maji ya mvua hutiririka juu ya ardhi, hula ukingo, na sakafu huinama upande mmoja. Dawa yake si kujengea shimo lote, jambo ambalo wengi hawana pesa yake. Jengea mita ya juu kwa matofali na simenti, inua ukingo shubiri moja juu ya ardhi, kisha chimba mfereji upande wa mlimani ili maji yapite mbali. Penye mchanga mtupu hakuna njia ya mkato: jengea mpaka chini, ukiacha nafasi bila simenti katikati ya matofali ya chini ili maji yanyonywe na ardhi. Na mchimbaji asiachwe peke yake shimoni hata dakika tano, hasa akichimba karibu na shimo la zamani.

Sasa tuje kwenye kifuniko, ambacho watu wa makazi wanakiita slabu. Hapa ndipo ninapotofautiana na desturi. Tazama choo chochote kizuri cha vijiji vya Kabazana au New Congo: utaona bati jipya, mlango wenye kitasa, pengine ukuta uliopakwa rangi. Ingia ndani, utakanyaga miti. Pesa imekwenda kwenye kinachoonekana na mgeni. Naielewa sababu. Choo ni heshima ya nyumba, na mkwe akija hataangalia chini. Lakini ukuta wa shitingi ukichanika, mtu anaaibika, na miti ikiliwa na mchwa, mtoto anaanguka. Ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu, ningenunua slabu na kuzungushia matete.

Slabu yenye historia ndefu kwetu ilitoka Msumbiji. Mwaka 1979, nchi ikiwa imetoka tu kwenye ukoloni na simenti na chuma vikiwa adimu, mradi wa vyoo ulioongozwa na Björn Brandberg kutoka Sweden ulitengeneza slabu ya duara iliyoinuka katikati kama mgongo wa kobe. Umbo hilo hubeba uzito lenyewe, kama tao la mlango, kwa hiyo haihitaji nondo. Unene ni sentimita 4 au 5 tu. Tundu lake halizidi sentimita 18 kwa upana ili mtoto asipite, lina umbo la tundu la ufunguo, na pembeni kuna sehemu mbili zilizoinuka za kukanyaga, ili hata gizani mguu ujue mahali pake. Fundi yeyote wa Isingiro anaweza kuimwaga: simenti kipimo 1, mchanga 2, kokoto 3, juu ya lundo la udongo lililosawazishwa. Wanakosea jambo moja. Wanaiacha ikauke juani, na siku ya pili wanaipandia. Simenti haitaki kukaushwa, inataka kumwagiliwa. Ifunike kwa magunia mabichi siku 7, la sivyo utapata biskuti.

Slabu ya upana wa mita 1.2 ina uzito unaozidi kilo 100. Inaonekana kama kasoro, lakini ni duara. Unaisimamisha kwa ukingo na kuibiringisha mpaka kwenye shimo jipya, watu watatu wakiisindikiza. Ile ya mraba yenye nondo hubaki ilipo, na mara nyingi huachwa na kuzikwa pamoja na shimo lililojaa. Slabu za plastiki zinazogawiwa na mashirika ni nyepesi zaidi, mama mmoja hubeba moja kichwani, na huoshwa vizuri. Udhaifu wake ni kwamba hazivuki shimo pana bila kuwekewa miti chini, na ile miti ikioza tumerudi tulipoanzia.

Juu ya slabu sasa kuna sinki dogo la plastiki la SATO, lenye kilango kinachofunguka kwa uzito wa maji na kujifunga chenyewe. Lilibuniwa kwa ajili ya Bangladesh mwanzoni mwa miaka ya 2010, na baadaye likaanza kutengenezwa Uganda. Linahitaji maji chini ya lita moja kwa mara moja, linazuia nzi na harufu kuliko kifuniko cha mbao ambacho hakuna anayekumbuka kukirudisha, na mtoto anaona sakafu badala ya shimo jeusi. Tatizo ni nani anayelitumia. Kwa Wasomali na Waislamu wengine wanaostanji kwa maji, kopo liko mkononi tayari, sinki hili limewakuta nusu njia. Kwa nyumba inayotumia gazeti, majani au magunzi ya mahindi, litaziba wiki ya kwanza, na wiki ya pili mtu atakivunja kile kilango kwa fimbo. Watu 7 wanaolitumia mara tatu kwa siku wanaweza kumaliza jerikani nzima ya lita 20. Bombani kukiwa na foleni, hilo ni jambo zito. Maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo yanatosha kazi hiyo, lakini lazima mtu ayatunze, na katika nyumba nyingi mtu huyo ni binti wa miaka kumi na mbili ambaye hakuulizwa.

Wanaokipanga choo chao kwa kuzingatia kibla wanajua jambo ambalo mafundi wasio Waislamu hulisahau: mtu asikabili kibla wala kukipa mgongo akijisaidia. Kutoka Nakivale, Makka iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo. Basi tundu lilazwe mashariki kwa magharibi. Kukumbuka kabla ya kumwaga simenti hakugharimu kitu, na kusahau ni kuvunja.

Choo cha bomba la hewa kinasifiwa kuliko vyote kwenye mikutano. Kilibuniwa na Peter Morgan katika maabara ya Blair, Zimbabwe, miaka ya 1970, na akili yake ni nzuri kweli: upepo ukipita juu ya bomba huvuta hewa chafu kutoka shimoni, nzi waliomo ndani hufuata mwanga wa juu ya bomba, wanakwama kwenye wavu na kufa. Ila kinadai masharti. Chumba kiwe na giza, wavu uwe mzima, bomba lipite paa kwa nusu mita, na tundu lisifunikwe, kwa kuwa hewa huingilia hapo. Huku kwetu watu huweka bomba, kisha wanaweka na sinki linalojifunga. Viwili hivyo vinapingana: sinki limeziba njia ya hewa, bomba limebaki pambo. Na chumba cha shitingi iliyochanika hakina giza. Shuleni na kwenye zahanati, penye kuta za matofali na mtu wa kukagua wavu, kijengwe. Nyumbani, pesa ya bomba iende kwenye ukingo wa shimo.

Wengine hukushauri uende Kisoro na Kabale ukaone vyoo vya mbolea, vilivyoenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na mradi wa maji na usafi wa miji ya kusini magharibi uliosaidiwa na Austria. Kisoro ina mwamba wa volkano, kwa hiyo choo cha juu ya ardhi kilikuwa na sababu ya kuwepo. Mkojo unakwenda kando, kinyesi kinabaki kikavu kwa majivu, kisha kinafungiwa mpaka vijidudu vife. Kwa familia moja yenye nidhamu kwenye kiwanja cha mwamba, ni jibu zuri. Mgeni mmoja anayejisafisha kwa maji anatosha kukiharibu, na katika makazi wageni hawakosekani.

Mtu wa Mbarara anaweza kuuliza kwa nini watu wasiite gari la majitaka. Mjini gari linafika, lina mahali pa kumwaga, na vyoo vingi vina karo lililojengewa. Shimo la Nakivale ni kavu, limejaa vitambaa, halina ukuta. Mpira wa gari hauwezi kuuvuta mzigo huo mzito, na ukiuvuta, kuta zinaporomoka. Dar es Salaam watu wa mitaa ya mabondeni wana neno la njia yao, kutapisha: unachimba shimo kando na kuuachilia mzigo uhamie humo, au unalitoboa shimo wakati wa mvua. Hiyo ni kuhamishia ugonjwa kwa jirani.

Pale kiwanja kilipokwisha nafasi, ningependekeza mashimo mawili mafupi, mita moja na nusu kila moja, slabu moja. Unatumia la kwanza mpaka lijae, unahamisha slabu, unaliacha la kwanza angalau miaka 2 likiwa limefukiwa. Ukirudi unakuta udongo, unaochimbika kwa jembe la kawaida. Mayai ya minyoo ya tumbo ndiyo yanayochelewa kufa, ndiyo sababu ya miaka hiyo miwili. Familia kubwa ipige hesabu kwanza: ikiwa shimo la kwanza litajaa kabla ya miaka 2, upana uongezwe.

Linabaki suala la choo cha kushirikiana. Mashirika hulenga choo kimoja kwa kila familia, lakini wakati wa dharura huhesabu kimoja kwa watu 50, kisha 20. Familia mbili zinaweza kushirikiana vizuri zikikubaliana mapema nani anafagia siku gani na nani atachimba shimo likijaa. Zikizidi tatu, kila mmoja anangoja mwingine. Tangu 2023, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lilipoanza kuzigawa kaya katika makundi ya mahitaji, makubaliano ya aina hii yamekuwa magumu zaidi, kwa sababu jirani anayepata msaada zaidi anatarajiwa alipe zaidi, naye haoni hivyo. Wazee na walemavu wasio na wa kuwachimbia hujengewa. Waangalie mlango kabla fundi hajaondoka: fimbo ipite, pawe na kitu cha kushika wakati wa kuinuka, na komeo liwe ndani.

Shimo la zamani lifukiwe kwa udongo nusu mita na zaidi, lishindiliwe, lipandwe mgomba. Isingiro ni nchi ya matoke, na mgomba huo hunenepa kuliko yote kiwanjani. Slabu iliyoondolewa hapo huoshwa kwa maji na majivu. Na jina la familia likitokea kwenye orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu, vitu huuzwa kwa wiki moja: godoro, mabati, jerikani, kiti cha mzee. Slabu ya duara huuzwa siku ya mwisho kabisa, kwa kuwa inatumika mpaka asubuhi ya basi, na aliyeinunua utamkuta barabarani akiibiringisha kwenda kwake, watoto wake wakiishikilia isimponyoke kwenye mteremko.